Maombi 140 ya kazi ya dizaini majuu, majibu mawili. Shida ni potifolio, ni pasipoti, ama ni mimi?

#1 Peni_ya_Maweni
Vipi jamaa. Niko Malindi, umri 27, nafanya grafiki toka 2019. Menyu za hoteli, mabango, fulana za timu za mtaani, kadi za harusi, stika za tuktuk, chochote kinacholeta unga. Toka mwezi wa pili mwaka huu natuma maombi ya kazi nje, zaidi Uingereza na Ujerumani, kidogo Dubai, Kanada na Italia. Kila moja nimeiandika kwa daftari na sasa zimefika 140. Zilizojibu ni mbili. Ya kwanza wakasema asante tushapata mtu. Ya pili wakaniuliza swali moja tu, kama nina ruhusa ya kufanya kazi nchini kwao, nikajibu sina lakini niko tayari kuhama hata kesho, na hapo ndo walipotelea mpaka leo.

Rafiki yangu asema potifolio yangu, yaani kazi zangu nilizoweka mtandaoni, ni ya kishamba. Binamu asema ni pasipoti. Mamangu asema ni hasidi. Mwenye amewahi kupata kazi ya dizaini nje akitokea huku pwani aniambie alipitia wapi. Kazi za ulinzi na usafi sizidharau ila njia zake nazijua, naulizia dizaini.

#2 Kaptula_ya_Jana
Sikiza mamako. Uzi ufungwe.

#3 Bi_Rangi
Nimefungua linki ilio kwenye wasifu wako. Nitasema kweli usinichukie mdogo wangu. Kazi 48, hakuna hata sentensi moja ya maelezo. Nembo 11 zimepangwa kama sahani za maonyesho. Halafu umeweka pakiti za kahawa ya kampuni ambayo haipo, na picha ya kikombe cheupe cha kubandikia nembo, ambayo kila dizaina duniani ameipakua mahali pamoja. Anayeajiri ana watu mia tatu wa kuangalia kabla ya saa saba, ataona kikombe afunge.

Lakini kazi nambari 37, zile stika za tuktuk, hebu niambie ile ni nini? Rangi tofauti kwa kila njia ili mtu asiyesoma ajue hii yaenda Barani na hii yaenda Muyeye? Hiyo ndiyo dizaini yenyewe na umeificha chini kabisa kama mtu anayeficha chapati wageni wasione! Toa 45, bakisha tatu. Kila moja ieleze shida ilikuwa nini, ulijaribu nini kikakataa, picha za daftari lako hata zikiwa chafu, na mwisho picha ya kitu chenyewe barabarani na vumbi lake.

#4 hesabu_kali
Dada #3 kwa heshima zote, hiyo potifolio haikufunguliwa na mtu. Shida ni hesabu. Uingereza mwajiri akitaka kukuleta lazima awe na leseni ya kudhamini wafanyakazi na akulipe si chini ya pauni 38,700 kwa mwaka. Dizaina mchanga kule hafikishi hiyo. Sasa mtu akulipe wewe wa Malindi zaidi ya bosi wake wa grafiki, kwa nini? Kwa sababu ya stika za tuktuk?

#5 Mwana_wa_Ngomeni
Mimi nashangaa mtu wa Malindi kuhangaika na Uingereza. Mji mzima umejaa Wataliano, nusu ya mabichiboi wanaongea Kitaliano kuliko Kiswahili. Tafuta mzee mmoja mwenye villa akuandikie barua uende Milano ndo mji wa dizaini duniani. Wiki mbili ushafika. Mnajifanya hamuoni njia ilio mlangoni.

#6 Kaptula_ya_Jana
#5 na wewe mbona uko Ngomeni bado?

#7 Mtoro_wa_Manchester
Salaam. Nimrekebishe #4 kidogo, 38,700 ilikuwa ya toka Aprili 2024. Julai 2025 wamepandisha, sasa ni 41,700. Kuna nafuu ya wanaoanza kazi, 33,400, lakini kwa njia ya umri lazima uwe chini ya miaka 26 siku unayotuma. Kaka Peni una 27, pole, umekosa kwa mwaka mmoja na ushee.

Jambo ambalo watu hawafanyi ni hili. Serikali ya Uingereza hutoa orodha ya kampuni zote zenye leseni ya kudhamini, iko wazi kwa tovuti yao, bure, unaipakua kama jedwali. Kabla hujatuma sivii tafuta jina la kampuni mle. Kama halimo unapoteza bando. Na hata likiwemo haimaanishi watakudhamini wewe, yawezekana walichukua leseni kwa ajili ya mpishi mmoja 2022 wakaisahau.

#8 Peni_ya_Maweni
Nimekaa usiku nimeipakua hiyo orodha nikailinganisha na daftari langu. Kampuni nilizotuma Uingereza ni 61. Zilizomo kwa orodha ni 9. Yani 52 nilikuwa naandikia barua ukuta.

Bi Rangi asante, sijachukia, nimechukia kidogo tu. Stika za tuktuk nililipwa elfu mbili na mia tano ndo maana sikuiona kama kazi ya kuonyesha watu.

#9 Kaptula_ya_Jana
Barua kwa ukuta na ukuta haukujibu, hata ukuta una adabu kuliko kampuni ya pili.

#10 Msumeno_Langoni
Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni fundi wa milango, Amu, yaani Lamu, miaka thalathini na kitu natia nakshi. Huyu kijana nimemsoma nikaona nami nitie neno langu.

Miaka kumi nyuma alikuya mgeni mmoja wa Uswisi akanunua kwangu mfaa wa mlango, ule ubao wa kati, akarudi kwao. Mwaka wa pili akaniandikia niende nikaonyeshe kazi wiki tatu kwenye karakana ya rafikiye. Visa mara ya kwanza nikanyimwa, waliambia sina cha kunirudisha nyumbani, nami nina wake wawili na watoto saba, nikasema subhanallah, na hao si kamba ya kutosha? Mara ya pili nikapeleka taarifa ya benki ya miezi sita, hati ya nyumba, barua ya karakana na ya mgeni, nikapata. Nikenda. Nikalipwa vizuri. Wiki tatu zikisha nikarudi. Wakanambia kazi ya kudumu haiwezekani sababu sina cheti chochote kinachosema mimi ni seremala. Miaka thalathini ya patasi haina karatasi.

Lakini maneno yangu ni haya. Dizaina wa kompyuta kule ndia zote wamejaa kama ng'onda sokoni. Mkono ambao kwao haupo ndio watautafuta. Wewe una mkono gani ambao wao hawana?

#11 Mwana_wa_Ngomeni
Mzee wa Amu "ndia" ndo nini 😂 andika Kiswahili tuelewe

#12 Msumeno_Langoni
Ndia ni njia. Hicho ndicho Kiswahili. Hicho chako kiliazimwa.

#13 Deira_Mnazi
Mzee #10 amenigusa, na jibu la swali lake kwangu mimi lilikuwa herufi.

Mimi ni wa Lamu pia, nilikuja Dubai 2021 kwa visa ya matembezi, nikazunguka na laptopu mtaa wa Deira wote, joto la kuchemsha yai. Wiki ya sita nikaingia duka la uchapaji, mwenyewe Mhindi mzee, akaniambia hatuna kazi. Ukutani kulikuwa na bango la mkahawa linasubiri kwenda kuchapwa, Kiingereza kulia, Kiarabu kushoto. Kiarabu chote kimevunjika. Herufi zimeachana kila moja yasimama peke yake na maneno yanakwenda kinyume, ile kitu hufanyika ukibandika Kiarabu kwenye programu ambayo haijawekewa mpangilio wa lugha za kutoka kulia. Lam na alif zimekaa mbalimbali kama walopeana talaka. Nikamwambia mzee ukichapa hili utalipa wewe. Akaniita dizaina wake, kijana wa watu hajui kusoma hata alif, alikuwa anabandika tu kama maua.

Kiarabu mimi sikisemi vizuri, lakini nimekaa chuo cha Kurani miaka minane kwa mwalimu mwenye bakora, herufi nazijua zikiwa mwanzo, kati na mwisho. Nikalirekebisha pale pale kwa kompyuta yao. Kesho yake nikaitwa. Nilianza na dirham 3,800, kama laki na elfu thelathini za Kenya kwa kiwango cha sasa, chumba tunalala wanne. Visa ya kazi wakalipa wao, na sheria ya huku iko wazi gharama za kukuajiri si zako, mtu akikukata mshahara kwa ajili ya visa ujue anakuibia.

Kwa hivyo Peni, potifolio yangu hakuiangalia mtu mpaka leo. Lilitazamwa kosa la mtu mwingine.

#14 Bi_Rangi
#13 hiyo hadithi naomba uiandike vile vile na uweke kwa tovuti yako, hiyo NDIYO potifolio. Unaona unanikataa huku unanikubali.

#15 Deira_Mnazi
Sikukatai dada, nasema ilibidi niwe ndani ya duka. Kutoka Lamu ningetuma imeili elfu.

#16 Peni_ya_Maweni
Mimi ni Mgiriama wa kanisani jamani, alif siijui ikikaa kati wala ikikaa chini. Ila Kitaliano naongea, nimefanya menyu za mikahawa ya Casuarina miaka mitano, hata makosa yao ya kuandika huwa nawarekebishia wenyewe.

#17 Bi_Rangi
Subiri. Nimesoma sivii yako yote. Kitaliano hakimo.

#18 Peni_ya_Maweni
Niliona ni lugha ya bichi tu.

#19 Kaptula_ya_Jana
😭😭😭 hasidi ni wewe mwenyewe

#20 chai_ya_maziwa
Kwani nyinyi mmesahau Ujerumani? Rais alishuhudia mkataba ukisainiwa, nafasi laki mbili na nusu kwa Wakenya. Mimi nangoja tu tangazo.

#21 Mjukuu_Berlin
#20 utangoja mpaka mbuyu uote meno. Mkataba upo, ulisainiwa Berlin Septemba 2024, ila hiyo laki mbili na nusu haimo. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilitoka ikakanusha siku hizo hizo, ikasema hakuna idadi yoyote iliyoandikwa mle. Ni makubaliano ya kurahisisha wenye ujuzi kuja kihalali na wasio na vibali kurudishwa. Hakuna basi linalokungoja.

Mimi niko huku mwaka wa saba, nafanya dizaini ya vitabu na maonyesho. Njia ambayo Peni angeifikiria ni ile kadi ya fursa, wenyewe waiita Chancenkarte, ilianza tarehe 1 Juni 2024. Inakuruhusu kuja kutafuta kazi ukiwa huku mpaka mwaka mmoja, na katika huo mwaka unaweza kufanya vibarua saa 20 kwa wiki. Ni ya pointi, unahitaji 6. Tumhesabie kijana hapa. Chini ya miaka 35 ni pointi 2. Uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita kwenye kazi ulosomea, 2, na ukiwa na mitano ndani ya saba unapata 3. Kiingereza cha kiwango cha juu, C1, pointi 1. Kijerumani cha mwanzo mwanzo, A2, 1. Hapo sita zishatimia.

Tatizo liko kwenye mlango wa kuingilia kabla ya pointi. Lazima uwe na shahada au mafunzo ya kazi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yako. Na uonyeshe pesa za kujikimu, kwa 2025 ni euro 1,091 kila mwezi, mwaka mzima 13,092, wengi huziweka kwenye akaunti iliyofungwa inakutolea kidogo kidogo.

Peni ulisoma wapi na miaka mingapi?

#22 Peni_ya_Maweni
Miezi sita. Kozi ya kompyuta hapa mjini, cheti kina nembo ya duma nimeichora mimi mwenyewe sabu mwalimu alikuwa hana nembo.

Na euro elfu kumi na tatu ni karibu milioni mbili za kwetu. Ningekuwa nazo ningenunua shamba Kakoneni nisiandike uzi.

#23 hesabu_kali
Cheti ulichojichorea mwenyewe. Nimecheka mpaka wafanyakazi wenzangu wananiangalia.

Lakini ona, mimi na mzee Msumeno tunasema kitu kimoja. Ni karatasi. Yeye alikosa karatasi ya seremala, wewe huna ya dizaina. Mwajiri anaweza kuipenda kazi, afisa wa visa hapendi kitu, anahesabu.

#24 Mjukuu_Berlin
Si lazima. Kuna wanaokuja kama wa kujitegemea, dizaina na msanii huku huhesabiwa kazi huru, haihitaji mwajiri mmoja. Ila lazima uonyeshe wateja wa huku wanaosema kwa maandishi watakupa kazi, na makadirio ya mapato. Mimi nilikuja kusoma kwanza ndo nikabadilisha, barua mbili za wateja zilinisaidia, mmoja alikuwa jirani yangu ana duka la maua. Na kizuri cha huku kuna mfuko wa bima wa wasanii, upo toka 1983, ukikubaliwa unalipa nusu ya bima ya afya na uzeeni na nusu yenyewe wanalipa wao, kama vile una bosi.

Ila jirani wa maua nilimpata kwa kuishi naye ghorofa moja, si kwa imeili. Nakubaliana na Deira_Mnazi hapo. Ukiwa mbali wewe ni faili. Ukiwa karibu wewe ni mtu.

#25 Mama_Kadi
Mimi nina duka la uchapaji hapa Malindi, na nataka kusema juu ya maejenti kabla mtoto wa watu hajaingia mtegoni. Mwaka jana kijana wangu wa dukani, mpole, hodari, alipigiwa simu kazi ya grafiki Polandi, mshahara mzuri, alipe elfu themanini na tano za kuanzia. Akauza pikipiki. Barua ya kazi ilikuja, ina muhuri, nikaitazama kwa jicho langu la uchapaji, ule muhuri ulikuwa umechapwa pamoja na maandishi, wino mmoja, haukugongwa juu. Nikamwambia mwanangu huu ni muhuri wa printa. Alikuwa ashalipa. Ofisi yao ilikuwa Mombasa, alipokwenda akakuta saluni.

#26 hesabu_kali
Pole kwake mama. Kwa faida ya wengine, Mamlaka ya Taifa ya Ajira ina orodha ya maejenti waliosajiliwa, mtu aangalie jina kwanza kabla ya kutoa hata mia. Na atafute kampuni yenyewe ya ng'ambo apige simu kwa namba ilio kwa tovuti yao, si ile alopewa na ejenti.

#27 Kaptula_ya_Jana
Mama Kadi huyo kijana yuko wapi sasa?

#28 Mama_Kadi
Yuko dukani. Anatembea kwa miguu.

#29 Zia_wa_Casuarina
Ciao a tutti 😄 narudi kwa #5 maana aliachwa akapita na uongo. Dadangu yuko Torino miaka kumi na mbili. Barua ya mzee wa villa itakufikisha utalii, si kazi. Mfanyakazi asiye wa Umoja wa Ulaya huingia kwa mgao wa serikali, ile decreto flussi. Kwa 2023 mpaka 2025 mgao ulikuwa watu 452,000 kwa ujumla, lakini nyingi ni mashamba na hoteli za msimu, madereva, ujenzi, kulea wazee. Na si wewe unayeomba, ni mwajiri, siku maalum anakaa kwa kompyuta anagombania kubofya na wenzake, dakika chache nafasi zishaisha. Mwambie mzee wako wa villa ambaye hata simu ashikiwa na mpishi akabofye.

Wanaofika kwenye dizaini hasa hupitia shule. Visa ya masomo yakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na toka 2023 kubadilisha kibali cha masomo kuwa cha kazi si lazima ungoje mgao. Kazi bado uitafute lakini uko ndani tayari. Na kwa Kitaliano cha Peni, mtihani wa lugha kwake ni kama kunywa maji ya dafu. Milano kila Aprili kuna Salone del Mobile, toka 1961, na ndani yake sehemu ya vijana chini ya 35, ya samani na vitu. Msumeno angekuwa kijana ningemsukuma.

#30 Mwana_wa_Ngomeni
Mimi nilisema njia, sikusema visa. Halafu msiwadharau Wataliano, walirusha satelaiti kutoka hapa kwetu Ngomeni 1967.

#31 Kaptula_ya_Jana
Satelaiti ilipata nafasi ya kuondoka Ngomeni, wewe hata barua hujapata.

#32 mchanga_mweupe
Marekani je? Nasikia kuna visa ya wasanii.

#33 Mtoro_wa_Manchester
Ipo, O-1, haidai digrii, inadai uthibitisho kwamba wewe si wa kawaida, magazeti yamekuandika, tuzo, kazi kubwa. Kwa wasanii utimize angalau vitatu kati ya vigezo sita na uwe na mtu wa kule wa kukuombea. Ile visa nyingine ya kazi, H-1B, ni bahati nasibu ya nafasi 85,000 kwa dunia nzima, na toka Septemba 2025 rais wao ameweka ada ya dola laki moja kwa maombi mapya. Laki moja. Dola. Kanada nako mlango wa waliojiajiri kwenye sanaa waliufunga Aprili 2024. Tusonge.

#34 kimya_kimya
Huwa nasoma tu siandikagi. Nyote mnazunguka. Kazi zenyewe zimepungua. Mimi nilikuwa nachora vielelezo vya vitabu vya watoto kwa klayenti wa Australia, kurasa 24 kila miezi miwili, miaka mitatu mfululizo. Mwaka jana akaniambia sasa anatengeneza picha kwa akili mnemba, ataniita nirekebishe vidole ambavyo mashine inakosea. Sasa nalipwa kwa kidole. Huyu kijana hata angekuwa na pasipoti ya Uswisi angekuta foleni ya Waswisi hawana kazi.

#35 Bi_Rangi
#34 pole sana ndugu, hilo la vidole limeniuma. Lakini si zote. Mimi nafanya na studio moja ya Uholanzi toka 2022, niko hapa hapa Kilifi, saa zetu na zao zinapishana moja au mbili tu kulingana na majira, asubuhi wanapoamka mimi nshafua. Kwa saa nalipwa mara nne ya nilivyokuwa nalipwa ajensi Nairobi. Walinipata kwa sababu nilikosoa fonti yao kwa heshima hadharani mtandaoni, wakaniandikia. Masharti yangu ni nusu kwanza, mkataba hata wa ukurasa mmoja, na faili za asili zinatoka pesa ikishaingia. PayPal inashuka mpaka M-Pesa, makato yapo yanauma lakini inashuka.

Peni kwa nini lazima uhame?

#36 Peni_ya_Maweni
Hili swali nilikuwa nalikimbia. Nataka kukaa kwenye chumba na watu wanaojua kuliko mimi. Hapa nikimaliza kazi klayenti asema ongeza logo iwe kubwa, na hakuna wa kuniambia hata kama nimekosea. Miaka sita hakuna aliyewahi kunikosoa vizuri mpaka Bi Rangi hapo #3.

#37 hesabu_kali
Basi shida yako ni mwalimu, si visa. Hiyo haimo kwenye hesabu yangu.

#38 Msumeno_Langoni
Nami nilikaa chini ya fundi miaka sita nafagia vumbi la mbao. Kijana huyu nimemuelewa sasa.

#39 Peni_ya_Maweni
Habari mpya wiki tatu baadaye. Nimetoa kazi 44 badala ya zile 45 nilizoambiwa (nilibakisha nne, ya kadi za harusi roho ilikataa). Stika za tuktuk zimekuja juu, nikarudi steji nikapiga picha upya na nikamuuliza dereva mmoja, kumbe abiria hawaiti njia kwa jina tena, wanasema "ya kijani". Nikaandika hilo. Kitaliano kimeingia kwa sivii. Nimetuma sita tu, zote nimezichunguza kwanza.

Moja imejibu. Studio ndogo Bologna, wanafanya alama za kuelekeza watu hospitalini na stesheni. Wameipenda ya tuktuk, wakasema visa hawaahidi, lakini nifanye jaribio kwanza, mfumo wa rangi na alama za jengo la ghorofa nne, siku tano, bila malipo. Nifanye?

#40 Bi_Rangi
USIFANYE. Jaribio la saa mbili sawa. Ghorofa nne kwa siku tano ni kazi kamili, wataichukua. Waombe walipe hata kidogo, jibu lao litakuonyesha ni watu gani.

#41 Deira_Mnazi
Fanya. Mimi lile bango nilirekebisha bure, ningedai pesa pale mzee angenifukuza.

#42 Mjukuu_Berlin
Bango lilikuchukua nusu saa Deira, usilinganishe. Peni fanya ghorofa moja, waambie hii ni mfano, zilizobaki tuzungumze. Na weka jina lako kila ukurasa.

#43 Zia_wa_Casuarina
Niletee barua yao niisome, kuna maneno ya Kitaliano yana adabu juu na mwiba chini.

#44 hesabu_kali
Hata wakimpenda, mgao, kubofya, cheti cha duma. Nawakumbusha tu.

#45 Peni_ya_Maweni
Nimewaandikia kwamba nitafanya ghorofa moja. Imeonekana imesomwa, hawajajibu, ni siku ya pili sasa.

#46 Kaptula_ya_Jana
Ukuta wa Bologna.

#47 Msumeno_Langoni
Mwanangu wakati wangoja, binti yangu aolewa baada ya mfungo sita. Nataka kadi mia mbili, nakshi ya mlango wangu pembeni, nitakutumia picha. Nusu kwanza kama alivyosema Bi Rangi. Ile kazi ya nne ulokataa kuitoa nimeiona.

#48 Mama_Kadi
Uchapaji uje kwangu basi. Karatasi ya gramu 300 ninayo.

#49 Peni_ya_Maweni
Mzee picha ipige asubuhi kabla jua halijapanda, na usiifute vumbi.